Mbio za Hisani Ughaibuni: Kutoka Bustani ya Leicester Hadi Tanki la Zahanati



Mara nyingi kamati za parokia hutuuliza fedha zinazochangwa na marafiki walioko nje hupatikanaje, na kwa nini zikishafika huja na maswali mengi kuhusu risiti, picha na tarehe. Wafadhili nao hutuuliza iwapo mbio na matembezi wanayoombwa kushiriki huleta kitu chochote kijijini. Katika makala hii tunapenda kuwashirikisha yaliyotupata sisi tulioandaa mbio za hisani mara mbili nchini Uingereza, Mei 2022 na Mei 2023, kwa ajili ya tanki la maji la zahanati moja ya parokia mkoani Dodoma. Mara ya kwanza tulikosea, na waliobeba mzigo wa kosa hilo si sisi tuliokuwa tukikimbia bustanini. Ni akina mama waliokuja kujifungua, na ndugu zao waliowafuata na ndoo za maji kichwani.

Tulikuwa watu saba: wauguzi wawili, wanafunzi watatu, dereva wa basi, na mama mmoja anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wote tuliishi Leicester, jiji la katikati ya Uingereza, na tulizoea kunywa chai pamoja baada ya Misa ya Jumapili. Watano ni Watanzania, mmoja Mkenya, na mmoja Mwingereza aliyewahi kufundisha sekondari Dodoma. Huyo ndiye aliyeleta habari za zahanati. Chumba cha kujifungulia hakikuwa na maji. Kisima kiko mbali, na kwa desturi mama mjamzito huja na ndugu, na ndugu huja na maji. Uchungu ukimshika mama usiku wa manane, ndugu huyo hana budi kuchagua kati ya kukaa naye na kwenda kisimani.

Kamati ya zahanati ilikuwa imefanya hesabu zake kabla ya kutuandikia. Tunazieleza hapa kwa faida ya kamati nyingine, maana ni hesabu za darasa la tano na bado watu wengi hujenga tanki bila kuzifanya. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa la zahanati hiyo ni mita 20 kwa 8, yaani mita za mraba 160. Sehemu kubwa ya Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Tukichukua 550, paa hilo hupokea lita 88,000 kila msimu. Toa sehemu moja ya tano kwa maji yanayoruka na kuvuja, pamoja na yale ya mvua za kwanza ambayo humwagwa ili kuosha vumbi na kinyesi cha ndege. Bado inabaki lita 70,000. Tanki la lita 20,000 litajaa hata mwaka wa mvua haba. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Novemba ni siku 214. Zigawanye lita 20,000 kwa siku hizo, unapata lita 93 kwa siku, karibu ndoo tano. Ndoo tano hazitoshi zahanati nzima. Zinatosha chumba cha kujifungulia, na kamati haikuomba zaidi ya hapo.

Waliamua kujenga tanki la mawe na saruji badala ya kununua simtanki, kwa kuwa mawe yapo kijijini na fundi yupo. Wananchi wangechimba msingi na kusomba mawe, mchanga na maji ya kujengea. Sisi tungeleta fedha za saruji, nondo, gata, mabomba, koki na malipo ya fundi. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu, Januari 2022, kwa simu.

Kwa nini mtu akuchangie kwa sababu unakimbia?

Swali hilo lilitoka kwa mwenyekiti wa kamati, na alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu mchango huombwa kwa kutaja shida yenyewe: msiba, harusi, paa la kanisa. Mtu husimama mbele ya harambee, akataja kiasi chake, watu wakapiga makofi. Uingereza mambo huenda kwa njia nyingine. Mtu humwendea rafiki, jirani au mfanyakazi mwenzake na kumwambia kwamba atakimbia kilomita tano kwa ajili ya zahanati fulani, je, atamdhamini? Yule rafiki huandika jina lake kwenye fomu pamoja na kiasi atakachotoa mwenzake akimaliza. Huko watu wengi huona haya kuomba fedha, na huona haya zaidi kuombwa. Mbio huwapa wote wawili kisingizio chema cha kuzungumza juu ya zahanati ambayo vinginevyo isingetajwa kamwe wakati wa chai ya saa nne kazini.

Anayetaka mfano wa nyumbani afikirie kadi za michango ya harusi. Mwanakamati hupewa kadi kumi, akazigawa, kisha kazi halisi ya kufuatilia ahadi ikaanza. Fomu ya wadhamini ni ndugu yake kadi hiyo, tofauti ni kwamba badala ya bibi harusi kuna mtu anayetoka jasho.

Utaratibu huu umeota mizizi sana nchini humo. London Marathon, iliyofanyika kwa mara ya kwanza tarehe 29 Machi 1981 chini ya Chris Brasher na John Disley, wanariadha wawili wa zamani, imesaidia kukusanya zaidi ya paundi bilioni moja kwa mashirika ya hisani tangu ianze. Lakini mbio kubwa kama hizo zisimdanganye mtu. Zina ofisi, wafanyakazi wa kudumu na kampuni zinazozilipia. Marafiki saba wenye chupa ya chai hawawezi kuziiga, na hapo ndipo sisi tulipopotea, kama tutakavyoeleza.

Tulipotangaza kanisani kwamba Waafrika Mashariki wanaandaa mbio, baadhi ya wenyeji walisita kujiandikisha. Walidhani watakutana na akina Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Dereva wetu wa basi, ambaye huhema akipanda ngazi za kwaya, aliwatuliza kwa kusema kwamba yeye ni mfuasi wa John Stephen Akhwari, aliyefika wa mwisho katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 mguu ukiwa umefungwa bandeji. Fomu zikaanza kujazwa.

Bustani, kibali na bima

Tulichagua Victoria Park, bustani kubwa ya umma karibu na Chuo Kikuu cha Leicester. Zamani palikuwa uwanja wa mbio za farasi, kwa hiyo ni tambarare, na njia zake ni pana. Sababu kubwa zaidi ni kwamba hakuna gari. Mbio za barabarani zinahitaji kufunga barabara, na kufunga barabara kunahitaji amri ya halmashauri, mazungumzo na polisi, alama za kuelekeza magari na watu waliofunzwa kuzisimamia. Gharama yake peke yake ingemeza fedha zote za saruji. Tunawasihi wote wanaofikiria jambo hili: anzeni bustanini, na kama mnaweza, bakini huko.

Hata bustani ina mwenyewe. Mwombaji hujaza fomu ya halmashauri akieleza siku, idadi ya watu, ramani ya njia, mahali pa vyoo, na atakayezoa takataka. Maombi hupelekwa miezi kadhaa kabla. Sisi tulipeleka wiki sita kabla, tukidhani ni kama kuomba uwanja wa shule kwa mwalimu mkuu, na nusura tukataliwe. Pamoja na fomu inatakiwa bima ya kulipia madhara kwa watu wengine, ambayo mara nyingi huwa ya paundi milioni 5. Kiasi hicho kilitutisha sana tulipokisoma, mpaka tulipoelezwa kwamba hicho ni kiwango cha fidia ambacho bima inaweza kulipa, na kwamba ada ya siku moja ni ndogo. Mwaka wa pili tuligundua kwamba kanisa lililotupokea lilikuwa tayari na bima yake, na kampuni ya bima ilikubali kuiongezea shughuli yetu. Ulizeni kwanza kabla ya kununua.

Kuna pia karatasi ya tathmini ya hatari. Unaandika kila kitu kinachoweza kumuumiza mtu na utakachofanya kukizuia. Tulicheka tulipofika kwenye mizizi ya miti na mbwa wasiofungwa kamba, lakini wauguzi wetu hawakucheka. Walidai kila mshiriki aandike nyuma ya namba yake ya kifuani jina la mtu wa kupigiwa simu na maradhi aliyo nayo. Siku ya mbio mzee mmoja alianza kuona kizunguzungu katika mzunguko wa tatu. Waligeuza namba yake, wakasoma kwamba ana kisukari, wakampa juisi na kumkalisha kabla gari la wagonjwa halijaitwa. Tungependa karatasi hiyo ingetumika hata katika mahujaji ya parokia zetu, ambako wazee hutembea juani kutwa nzima na hakuna ajuaye nani anatumia dawa gani. Yule mwingine aliyeanguka siku hiyo hakujikwaa kwenye mzizi hata mmoja. Alikanyaga kamba ya kiatu chake.

Fedha zipitie mlango gani

Kundi la marafiki si shirika. Kama fedha zitaingia katika akaunti ya mmoja wenu, hata awe mtakatifu, mtakuwa mmeanza vibaya. Sisi tulikwenda kwa paroko wa huko tukaomba kanisa, ambalo ni taasisi ya hisani kisheria, litupokelee fedha na kuzituma. Alikubali kwa sharti kwamba mhasibu wa parokia aone kila karatasi.

Faida ya kupitia taasisi inayotambuliwa si uaminifu tu. Uingereza kuna mpango uitwao Gift Aid, ambao kwa huo mtu anayelipa kodi akitoa paundi 10 kwa taasisi ya hisani, serikali huirudishia taasisi hiyo paundi 2.50 kutoka katika kodi aliyokwisha lipa. Ni robo nzima juu ya mchango, bila mtu kukimbia hatua moja zaidi. Lakini kuna masharti. Katika fomu ya wadhamini kila mtu aandike jina lake kamili, anwani ya nyumbani na postikodi, na aweke alama ya kukubali, kwa mkono wake. Fomu zetu za mwaka 2022 zilirudi zikiwa na majina kama Shangazi, Bosi, Jirani wa Juu, na Dave wa Ghala. Dave wa Ghala alitoa paundi 20, Mungu ambariki, lakini mamlaka ya kodi haimjui. Fomu nyingi kwa hiyo hazikufaa, na ile robo tukaikosa. Tena ada ya kujiandikisha katika mbio haihesabiki kuwa mchango, kwa kuwa mtu amenunua nafasi ya kukimbia. Ni vema ada iwe ndogo, ilipie gharama za siku ile, na nguvu zote zielekezwe kwenye wadhamini.

Na hapa tunapenda wanakamati watusikilize kwa makini. Sheria za huko zinamtaka anayetuma fedha za hisani nje ya nchi achukue hatua za kutosha kuhakikisha kwamba zimetumika kwa kazi ya hisani iliyokusudiwa. Asipoweza kuonyesha hivyo, anaweza kudaiwa kodi iliyosamehewa. Kwa hiyo mhasibu yule anapoandika kuomba risiti ya mifuko ya saruji, picha ya msingi na jina la fundi, hasemi kwamba kamati ni wezi. Anatafuta karatasi ya kumwonyesha mkaguzi wake. Tumeona kamati nzuri zikinuna kwa sababu ya barua za namna hiyo, na wafadhili wazuri wakikata tamaa kwa sababu risiti hazikuja. Pande zote mbili wangekaa meza moja kwa nusu saa, jambo lingekwisha.

Habari ya fulana

Mbio za kwanza zilipendeza kupita kiasi. Tuliagiza fulana 100 zenye maandishi ya rangi mbili, na medali za chuma zenye utepe. Tulikodi kipaza sauti, mahema na lango la kupulizwa hewa kwa ajili ya mstari wa kumalizia. Kila kitu tulikiagiza kwa kuamini kwamba mbio lazima zifanane na mbio. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua nyembamba ya Uingereza isiyo na mwisho. Waliokuja walikuwa 38.

Tulipiga picha nyingi, tukiwa tumevaa fulana na medali zikiwa shingoni, tukazituma Dodoma kwa furaha. Kisha mhasibu wa parokia akakaa nasi. Kati ya kila paundi 10 zilizoingia, karibu 4 zilikuwa zimekwisha kulipia mbio zenyewe. Fedha zilizobaki tulizituma kwa mafungu matatu, kila fungu likikatwa ada ya benki, kosa jingine la bure.

Huko kijijini watu walikuwa wameshatimiza sehemu yao. Msingi ulichimbwa kwa siku za Jumamosi, jumuiya kwa jumuiya. Akina mama walisomba mchanga kutoka korongoni. Fundi alijenga kuta za tanki mpaka juu, na hapo fedha zikaisha. Hapakuwa na mfuniko, gata wala koki. Desemba 2022 mvua zilipoanza, maji ya paa yalidondoka chini kama miaka yote, hatua chache kutoka kwenye tanki tupu.

Katibu wa kamati alituandikia barua ya heshima. Alianza na Tumsifu Yesu Kristo, akashukuru kwa saruji, akaeleza hatua iliyofikiwa. Mwisho aliuliza mambo mawili. Kwanza, kama ni kweli kwamba kila mtu aliyeonekana katika picha alipewa medali. Pili, medali moja iligharimu sawa na mita ngapi za gata. Aliuliza kwa nia njema kabisa, kwa sababu wanakamati walikuwa wamebishana juu ya picha ile.

Tulifanya hesabu hiyo. Hatukumwandikia jibu kwa wiki mbili.

Tulichoamua mwishowe ni kuwaandikia pande zote mbili. Kwa kamati tulieleza gharama zote, mstari kwa mstari, tukaomba radhi. Kwa wadhamini tulieleza vivyo hivyo, kwamba sehemu ya fedha iliyokwenda Dodoma ilikuwa ndogo kuliko walivyofikiri na kwamba tanki halijakamilika. Baadhi yetu walipinga barua hiyo, wakisema itatuharibia jina. Mdhamini mmoja alijibu kwa ukali, na hatukuwa na la kumjibu. Wengi waliosalia waliandika tu kuuliza mbio zijazo ni lini.

Mara ya pili

Mei 2023 tulirudi Victoria Park bila fulana mpya, bila medali na bila lango la hewa. Mstari wa kumalizia ulikuwa kamba yenye vitambaa kati ya miti miwili. Namba za kifuani tuliziandika kwa kalamu ya wino mzito. Njia tuliipima kwa gurudumu la kupimia tuliloazima shuleni, mzunguko wa mita 1,250, ili mizunguko minne iwe kilomita 5. Kanuni yetu ilikuwa kwamba hatununui kitu chochote kabla ya kumwomba mtu atupe.

Kanuni hiyo ilitupeleka Belgrave, mtaa wa maduka ya Waasia, kutafuta matunda. Tulikuwa tukibishana kwa Kiswahili mbele ya ndizi tulipomsikia mzee mwenye duka akituuliza kwa Kiswahili kilekile tunatafuta nini. Alitahadharisha kwamba Kiswahili chake ni cha Kampala na tusicheke. Alikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, walipopewa siku 90 kuondoka. Zaidi ya 27,000 kati yao waliingia Uingereza. Wasomaji wengine huenda hawajui kwamba Septemba mwaka huo halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije jijini humo. Walikuja hata hivyo, na mzee yule alitusimulia tangazo hilo huku akijaza ndizi na machungwa katika maboksi yetu. Hakukubali malipo. Alitaka fomu ya wadhamini, akaijaza kwa herufi kubwa, na postikodi.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa kuruhusu watu watembee, na wadhamini waahidi kwa kila mzunguko badala ya kwa kumaliza. Mwaka wa kwanza tulikuwa tumewafukuza wazee bila kujua, kwa kuita jambo letu mbio. Safari hii bibi mmoja wa parokia, mwenye fimbo na mwavuli, alitembea mizunguko tisa tangu asubuhi hadi tukaanza kufungua kamba. Wadhamini wake walikuwa wamezoea kumwona akienda mpaka kanisani tu, nao waliahidi kwa ukarimu wakidhani atafanya mizunguko miwili. Fomu yake peke yake ilizidi za vijana wote watatu waliofika mbele. Tumeona mara mbili sasa kwamba mwenye miguu mizuri si lazima awe na marafiki wengi, na fedha hutoka kwa marafiki.

Baada ya siku ile ilibaki kazi ya kukusanya ahadi, ambayo haina picha. Tulijipa wiki sita. Kila Jumapili baada ya Misa tulisoma orodha wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akieleza nani bado hajalipa na amekwenda kwake mara ngapi. Waswahili husema ahadi ni deni, lakini deni lisilofuatwa husahaulika, hata kwa Waingereza. Mhasibu alidai ile robo ya Gift Aid, akaipata. Gharama zetu zilikuwa bima, mtoa huduma ya kwanza, chaki na kamba. Fedha zilitumwa mara moja, Agosti 2023, kwa ada moja ya benki, baada ya kamati kutuma makadirio ya fundi na bei za maduka mawili.

Maji

Mfuniko, gata na koki vilikamilika Oktoba. Msimu uliofuata ulikuwa wa El Niño, mvua kubwa zilizoleta maafa sehemu nyingi za nchi, ikiwa ni pamoja na maporomoko ya tope ya Hanang mwezi Desemba 2023. Kwenye zahanati tanki lilijaa mapema, likamwagika, likajaa tena. Katibu alituma picha moja tu, ya koki ikitoa maji, pamoja na risiti zote zikiwa zimebandikwa kwenye daftari kwa mpangilio wa tarehe. Mhasibu wa parokia ya Leicester alituonyesha daftari hilo kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu.

Kila Jumamosi muuguzi wa zahanati huingiza ufito wenye alama ndani ya tanki na kuandika kina cha maji. Kwa namba hizo tumejua kwamba mwaka 2024 maji hayakufika Novemba kama hesabu ilivyosema. Yaliisha wiki ya pili ya Oktoba. Katika ule ukame wa Agosti kamati iliwaruhusu majirani wazee na wenye wagonjwa nyumbani kuchota ndoo moja kila siku, jambo ambalo halikuwa katika hesabu, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuwaambia kwamba wasingefanya hivyo.

Sasa wanaomba tanki la pili, upande wa magharibi wa paa, ambako maji bado yanamwagika bure. Mahali wameshapachagua na kupawekea vigingi. Mwenyekiti ametuambia kwamba safari hii msingi hautachimbwa mpaka fedha zote ziwe zimefika.